Ufunguo wa Kamba Nyekundu

Ujiji, 12 Machi 1997

Baba mdogo Bilombele, shikamoo. Sisi wazima, na dagaa wamejaa mwaloni Katonga.

Mkimbizi mmoja kutoka kwenu Uvira amekuja na ufunguo wa karakana yako ya hapa Ujiji, ule wa kamba nyekundu. Anasema ni fundi uliyemfundisha mwenyewe.

Tulifungua, tukaikuta ile mashine yako kuukuu ya kupasulia mbao chini ya magunia, na bado inawaka. Lakini huyo fundi alipoiwasha alisimama usawa wa meno ya msumeno kabisa, pale ulipotukataza tangu utoto, maana ubao ukirushwa nyuma unapasua tumbo.

Hukumfundisha wewe. Kila siku ananiuliza kama nakuandikia, namwambia hapana.

Huo ufunguo aliutoa wapi? Nijibu upesi, Baba, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Mwanao,
Stephania