Miezi Mitatu ya Majaribio

Ndugu yangu, niko nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Nimelikoroga.

Si unajua sheria mpya inataka kila mfanyakazi awe na mkataba wa maandishi? Wiki mbili nimejisomea, nikaandika mkataba mmoja kwa mafundi wangu wote sita wa cherehani, asionekane mtu amependelewa.

Shangazi akausoma kwa sauti, miwani puani. "Miezi mitatu ya majaribio." Akanitazama. "Mimi?"

Shangazi! Aliyenifundisha kutunga uzi kwenye sindano!

Nikamwambia ni utaratibu tu. "Haya, mwanangu. Nijaribu kwanza, nitasaini nikifaulu." Akaweka kalamu chini. Wenzake watano nao wakaweka zao.

Nimeuandika upya. Hataki hata kuushika.

Na mkaguzi wa kazi ameshaingia! Bila saini sita anafunga karakana leo hii. Mlango ni mmoja, na cherehani ya Shangazi iko kando yake.

Namsikia mkaguzi anamuuliza, "Mama, una muda gani hapa?"

Shangazi anajibu:

"Mimi? Bado najaribiwa, baba. Muulize bosi, yuko nyuma ya pazia lile."