Somo Lililoandikwa kwa Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa Idara amenisimamisha kwenye korido leo asubuhi. Salamu zake huwa ndefu anapotaka kitu. Za leo zilikuwa ndefu mno: nimelalaje, magoti je, binti yangu na wajukuu je. Mwishowe ikatoka. Wakaguzi wa ithibati watafika Alhamisi ya wiki ijayo, na chuo kinataka kila idara iwe na wasifu wake, ukurasa mmoja, wa kubandikwa kwenye tovuti na kukabidhiwa wageni. Ameniomba niandike wa kwetu. Idara ya Uchumi na Usimamizi wa Fedha. Anasema Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha wote.

Nilimshukuru. Nikamwomba radhi kwamba siku hizi naandika polepole. Akasema polepole ndiyo hasa aitakayo, ila iwe mezani kwake Jumanne!

Ukurasa mmoja. Mimi nilikuwapo idara hii ilipokuwa meza mbili na kabati lisilofungika, ndani ya chumba tulichoazimwa na watu wa useremala. Tulifundisha ugavi na mahitaji huku msumeno ukilia upande wa pili wa ukuta. Chai ilikuwa na vumbi la mbao. Sidhani wakaguzi wanahitaji kuyajua hayo. Lakini ni nani mwingine atakayeyasema?

Nimechoka. Si kwa kazi, maana kazi haijaanza. Ni ule uchovu wa kufungua mlango jioni na kukuta kikombe pale pale nilipokiacha.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza. "Idara yetu inaandaa wataalamu wenye maarifa na uadilifu." Nimeifuta. Kila idara itaandika hivyo, hata ya ushonaji.

Jirani yangu wa meza, mwalimu wa takwimu, ambaye wote tunamwita Bwana Wastani, alichungulia begani mwangu. Akaniambia niandike kwamba wahadhiri wetu ni mahiri. Nikamuuliza na yeye nimwandikeje. Mahiri sana, akasema, ila niweke na makadirio ya kosa. Nilicheka. Kicheko changu kimekuwa kama mlango mkavu.

Chini ya maelezo kuna visanduku. Katibu muhtasi amenionyesha kwenye kompyuta yake: somo, jina la mwalimu, picha. Uchumi wa Jumla, Mkuu mwenyewe. Takwimu, Bwana Wastani. Uhasibu wa Gharama na Mipango, wale mabwana wawili wasioachana. Usimamizi wa Fedha, mimi.

Hakuna kisanduku cha yule binti wa ofisini kwetu.

Ni mwalimu wa muda. Alikuja kwetu akiwa na digrii yake ya pili bado mbichi na mtoto mdogo anayelelewa na bibi yake wakati mama yuko kazini. Wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Nilimuuliza Mkuu nimwandikie somo gani.

"Yeye husaidia tu, Mzee."

"Husaidia nini, tafadhali?"

"Husaidia. Kwa jumla." Akakohoa.

Katibu muhtasi alinieleza baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba mikataba ya walimu wa muda inakwisha muhula huu, na Mkurugenzi wa chuo ataiangalia kwa kufuata wasifu. Asiye na somo hana kisanduku, na asiye na kisanduku, mkataba wake hauendi popote. Nilisema pole, kana kwamba yeye ndiye aliyeachwa nje.

Alhamisi, 7 Machi

Kipindi changu. Thamani ya fedha na wakati. Niliandika kanuni ubaoni kwa herufi kubwa, nikaieleza, nikaieleza tena. Hakuna aliyeuliza swali. Darasa lenye adabu ajabu! Nimeongeza kwenye wasifu: "Wanafunzi wetu ni wasikivu."

Sauti ilinikauka kabla ya kengele. Macho nayo. Tarakimu tisa na tarakimu saba sasa ni ndugu wa tumbo moja.

Binti yangu alipiga simu. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, kisha yale yale: lini nitaacha kazi nihamie kwake, chumba kipo, kimepakwa rangi. Nilimwambia baada ya muhula. Akasema mihula haiishi, baba. Ana haki. Lakini hapa chuoni ndipo mahali pekee ninapoulizwa nimelalaje na mtu anayesubiri jibu.

Jumamosi, 9 Machi



Leo nilikwenda chuoni kupima vyumba, kwa kuwa wasifu unataka idadi ya viti. Nilitegemea kukuta kimya. Kumbe kantini imejaa! Milango yote imefunguliwa, watu wamekaa hadi juu ya masanduku ya soda. Nikadhani ni ibada. Nilipokaribia dirisha nikawatambua. Ni darasa langu. Wote, hata wale ambao Alhamisi huniambia wanaumwa.

Kijana mmoja alichelewa, akaja mbio. Mwenzake aliyekuwa mlangoni akamhimiza: "Ingia, bwana! Alhamisi Mzee Samahani alipita tu, leo ndiyo tunafundishwa."

Mzee Samahani. Nilitazama nyuma kuona anasemwa nani.

Ndani alikuwa yule binti, mikono imekunjwa hadi viwikoni, ameinua kiti cha plastiki juu kama mnadani.

"Haya, niambieni. Nikikupa kiti hiki leo, na nikikupa kiti hiki mwaka ujao, ni sawa?"

"Ni sawa, Madam! Kiti ni kiti!"

"Wewe uliyesimama tangu asubuhi kwa kukosa kiti, nawe unasema ni sawa?"

Wakaangua kicheko. Hata mpishi aliacha sufuria zake.

"Leo utakikalia. Au utamkodishia huyu aliyechoka. Mwaka ujao hujui kama miguu itakuwa minne, hujui hata kama mimi nitakuwapo. Basi ukitaka nisubiri, nilipe kusubiri kwangu."

Binti wa mbele akauliza, taratibu: "Ndiyo riba yenyewe hiyo, Madam?"

"Ndiyo riba yenyewe."

Kisha akaandika kanuni ubaoni. Kanuni yangu. Ile ile ya Alhamisi. Na safari hii wakaikaribisha kama mgeni aliyetambulishwa vizuri.

Mimi mwenyewe, naomba radhi kulisema, niliielewa riba leo kuliko siku zote nilizoifundisha. Nilitaka kupiga makofi. Badala yake niliondoka kwa kunyata, katika chuo ambacho nina funguo zake. Viti sikuvihesabu.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilijikuta nikihesabu watu waliosinzia na kujiuliza kama padre naye ana mtu anayeyarudia mahubiri yake Jumatatu.

Jumatatu, 11 Machi

Nilimngoja Bwana Wastani amalize chai. Nikamuuliza: hii Jumamosi ni ya tangu lini?

Alikifunika kikombe chake kwa kisahani. Kisha akasema: "Tangu msiba, Mzee."

Mke wangu alipofariki, wenzangu wa idara walikaa kikao mimi nikiwa matangani. Wakakubaliana wanipunguzie mzigo: niendelee na kipindi changu kwa heshima, lakini yule binti ayarudie mafundisho yangu Jumamosi na asahihishe mitihani, mpaka nitakapopata nguvu. Hakuna aliyesema ni lini nitapata nguvu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza. Matanga ya nyumbani yalianuliwa. Ya ofisini yamesahaulika yakiwa yametandikwa.

"Tulikuonea huruma," akasema. "Na kuogopa pia. Ungejiuzulu siku hiyo hiyo."

Ni kweli. Ningejiuzulu, kwa barua ndefu yenye samahani nyingi.

Sikuweza kuwakasirikia. Watu wamenibeba mgongoni muda wote huu nami nikidhani natembea! Lakini aliyebeba uzito ni mmoja, na huyo ndiye anayetolewa nje kwa sababu somo analolifundisha limeandikwa kwa jina langu.

Nilikwenda kwa Mkuu. Nikamwambia, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima, kwamba kwenye kisanduku cha Usimamizi wa Fedha pakae jina la binti. Akainuka akafunga mlango.

"Mzee, na wewe tukuweke wapi? Mkataba wako nao unasimama juu ya kisanduku hicho."

"Nisiwekwe."

"Wakaguzi wakiuliza kwa nini muhula mzima ratiba ina jina lako? Tutaonekana waongo."

"Samahani, Mkuu, lakini ndivyo tulivyo."

Alinitazama kama mtoto aliyesikia babu yake akitukana. Kisha akaanza kunisimulia habari za madirisha mapya ya jengo letu. Akiogopa huongelea madirisha.

Nyumbani nimekaa bila kuvua viatu. Nisipowekwa, kesho yake nitaamkia wapi? Chumba kilichopakwa rangi. Wajukuu wenye simu zao. Siogopi kufa, naogopa kuwa mgeni wa kudumu.

Jumanne, 12 Machi

Nimekabidhi wasifu. Nimeandika yaliyo kweli: chumba cha useremala, mabadiliko ya mitaala, wahitimu wetu. Na katika kisanduku kile, jina lake.

Kabla ya mchana ukarudi. Mkuu ameandika pembeni, kwa mwandiko wa upole: "Kosa dogo la uchapaji, Mzee. Nimekusahihishia." Jina langu limerudi. Wamenichagulia na picha, ile ya zamani, nywele bado nyeusi.

Nilimfuata binti kwenye chumba cha kunakilisha karatasi. Mashine ilikuwa imekwama, naye ameingiza mkono ndani hadi begani kama mkunga.

"Binti yangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Mzee, usiniombe radhi, utaniletea mkosi."

Nikamwambia nilikuwa dirishani Jumamosi. Akauacha mkono mle mle ndani ya mashine. Hakugeuka.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulinifundisha riba."

Hapo akacheka, kisha macho yakamjaa. Nikamwambia somo ni lake na jina liwe lake. Akakataa! Akasema watu watasema amemnyang'anya mgane kiti chake. Mama yake mwenyewe atamuuliza amelelewa wapi.

"Na mkataba wako?"

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, mwanangu, lakini Mkurugenzi hajui."

Alivuta karatasi iliyokwama, ikatoka vipande vipande. Akasema ana kazi nyingi, samahani. Hata samahani nimewaambukiza.

Jumatano, 13 Machi

Wasifu umechapwa kwa rangi. Mzuri. Sikuusoma.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nikiwa darasani. Naomba radhi kwa mwandiko huu, dawati linayumba.

Wakaguzi wamefika asubuhi. Mama mmoja mwenye miwani na bwana mmoja anayepiga picha kila kitu, hata ndoo ya usafi. Wanapita darasa kwa darasa na wasifu mkononi, wakilinganisha jina kwenye kisanduku na mtu aliyesimama ubaoni. Wasipopata kasoro hawaandiki kitu. Wakipata, humwita Mkurugenzi papo hapo wamuulize.

Kengele imelia. Nimeingia kama kawaida. Wanafunzi wamenisalimu. Sikwenda ubaoni. Nimepita katikati yao, polepole, magoti yakilalamika, hadi dawati la nyuma kabisa. Nimekaa. Hakuna aliyecheka.

Kiongozi wa darasa amegeuka: "Mzee, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kusoma."

Kabla ya hapo nilimwomba katibu muhtasi amwambie binti kwamba darasa la Usimamizi wa Fedha halina mwalimu. Sikudanganya.

Amekuja mbio, anahema. Yuko mlangoni. Ameona ubao mtupu, ameona vichwa vyote, kisha ameniona mimi huku nyuma.

"Mzee, karibu mbele."

"Nasikia vizuri hapa, mwalimu."

Haingii. Anaangalia korido, anarudi kuniangalia. Nasikia sauti ya Mkuu upande wa ngazi, kubwa kuliko kawaida, ikiwaeleza wageni habari za madirisha. Wanakuja huku.

Binti wa mbele, yule wa swali la riba, amemnong'oneza: "Madam, ingia basi, tuendelee tulipoishia."

Mguu mmoja uko ndani. Mmoja nje.

Nimeinuka. Si kwenda mbele. Shuleni mapadre walitufundisha kwamba mwalimu akifika mlangoni, mwanafunzi husimama, wala hakai mpaka aambiwe. Nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani. Aliye mbele yangu akaniona, naye akasimama. Kisha wa pembeni yake. Sasa darasa zima limesimama, wote tunamtazama yeye.

Madirisha yamenyamaza. Bwana wa picha ametokeza nyuma ya bega la binti. Mama mwenye miwani anausoma wasifu, anainua macho, anauliza kwa adabu kabisa mwalimu wa somo hili ni nani.

Binti ananitazama. Magoti yananiuma sana. Sikai mpaka aniambie.