Kataluma ya Bethlehemu

Dodoma,
6 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepungua kuuma, na yule ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa amezaa salama. Mimi ni mzima, ila jua la huku limenikausha kama kahawa iliyoanikwa.

Ningekupigia simu, lakini najua utasema simu inakula maneno, na hili si la kuliwa. Kaa kwanza. Umekaa?

Mwaka huu chuoni tumeanza Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya. Mwalimu amempa kila mwanafunzi neno moja alifukue mpaka mizizi. Wenzangu wamepata maneno makubwa: neema, imani, utukufu. Mimi nikapewa "kataluma". Liko Luka 2:7, pale Mariamu anapomlaza mtoto horini kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Hiyo nyumba ya wageni ndiyo kataluma. Nikanung'unika sana. Wenzangu wana neema, mimi nina gesti!

Halafu nikafungua Luka 22, Yesu anapotuma wanafunzi kwa mwenye nyumba wakaulizie chumba cha wageni, wale Pasaka humo. Nikatazama Kigiriki chake. Kataluma! Neno lile lile, na hapo ni chumba ndani ya nyumba ya mtu. Nikakimbilia Luka 10, kwa Msamaria mwema. Yeye alimpeleka majeruhi nyumba ya wageni, nikajua hapo nitalikuta tena. Wapi! Pale Luka ameandika "pandokheion", nyumba inayopokea kila mpita njia. Maana yake Luka analijua neno la gesti, Shangazi, na kwa habari ya Bethlehemu hakulitumia! Nilipiga ukelele maktaba nzima ikageuka.

Yusufu alikuwa amekwenda kwao. Nyumba ya ukoo imejaa ndugu, chumba cha wageni kimejaa, wakamweka Mariamu ndani pamoja nao, upande wa mifugo, kwenye joto. Hakuna aliyewafukuza. Soma sura yote umtafute mwenye gesti anayefunga mlango. Hayupo!

Nakuomba kitu kimoja: usimwambie Baba kwamba nimeandika. Tangu nilipoacha kazi ya benki pale Moshi nije kusomea uchungaji, naye akaniambia langoni, "Ukitoka na begi hilo usirudi kunisalimia," hajapokea simu yangu hata moja. Na kwa kuwa Mama ametangulia, sina wa kumpelekea furaha kama hii ila wewe.

Ni mimi mwanao,
Elifuraha


Machame,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Elifuraha,

Marahaba. Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imekuja na basi, nimeichukua mwenyewe Bomang'ombe siku ya soko. Magoti ni yale yale. Ng'ombe amezaa dume, nami nilitaka jike, lakini tunashukuru.

Sasa wewe mtoto unataka kuniua? Unajua ni nani anayeongoza igizo la Krismasi katika usharika huu tangu hujazaliwa. Na unajua kipande ambacho watu hukingojea ni pale Mzee Godlove anapotokeza kichwa mlangoni na kunguruma, "Hakuna nafasi! Nendeni zenu!" Watoto wa shule ya Jumapili hulia. Leo unaniambia mtu huyo hayupo? Nikaichukua Biblia kwa hasira nikuonyeshe alipo. Nikasoma. Hayupo. Nikabadilisha miwani. Hayupo!

Tena nikakuta aya ya sita, imekaa pale miaka yote: "Katika kukaa huko, siku zake za kuzaa zikatimia." Katika kukaa huko! Kumbe walishafika, wakakaa. Mimi kila mwaka nawaingiza mbio mbio na punda, uchungu umeshashika. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kuhusu baba yako, ombi lako limefika limechelewa. Jumamosi akina mama wa kwaya walikuwa uani kwangu tunamenya ndizi za machalari, nikawasomea barua yako kwa sauti kubwa kabla sijafika mwisho wake. Nilisahau kabisa kwamba kaka yangu yuko nyuma ya banda, ananitengenezea mlango. Nilipofika "upande wa mifugo, kwenye joto", nyundo ikanyamaza. Nikaendelea. Akatokeza, msumari mdomoni. Akautoa.

"Hilo hori lao lilikuwa la mti au la jiwe?"

Nikamwambia, "Mimi sijui. Anayejua ni aliyeandika."

"Basi muulize," akasema, akarudi kwenye mlango wake.

Nakuuliza.

Shangazi yako,
Ndelilio


Dodoma,
28 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo! Hujambo? Mimi hata sijui kama sijambo. Nimesoma hilo "basi muulize" mpaka karatasi imelainika. Baba ameniuliza swali!

Mwambie hivi. Neno la hori ni "phatne", na lenyewe halisemi mti wala jiwe. Ila waliochimbua magofu ya nchi ile wamekuta mahori ya mawe, na waliochunguza nyumba za zamani za huko wanasema nyingi zilikuwa na chumba kimoja tu cha familia, pengine na cha wageni pembeni. Watu walilala sehemu iliyoinuka kidogo, mifugo ikaingizwa jioni sehemu ya chini karibu na mlango, isiibwe, na nyumba ipate joto. Mwambie fundi seremala kama yeye, angekuwa kule, angejifunza na kuchonga jiwe.

Sasa nisikufiche. Nimesoma kazi yangu mbele ya darasa. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua Kutoka sura ya nne katika tafsiri ya kale ya Kigiriki. Musa yuko njiani kwenda Misri, analala mahali safarini, na mahali hapo panaitwa kataluma. Hakuna ukoo, hakuna chumba cha ndugu, ni kituo cha njiani tu. Nikataka kukaa.

"Usikae," akasema. "Neno moja lina milango mingi. Majirani zake ndio wanaokuonyesha uingilie upi. Luka mwenyewe amelitumiaje?"

Nikamjibu. Luka 22, Luka 10, na ile aya yako ya sita, Shangazi, nikaitia mwisho! Darasa likapiga makofi.

"Basi simamia ulichokiona," akasema, "ila useme 'yaelekea', usiseme 'ni lazima'."

Kwa hiyo waambie akina mama: yaelekea. Isipokuwa yule mwenye gesti. Huyo sisemi yaelekea. Huyo hayumo kabisa.

Mwanao,
Elifuraha


Machame,
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mvua za vuli zimeshika, mfereji umefurika, na barabara ya huku juu inateleza kama imepakwa mlenda. Ndiyo sababu nimechelewa. Sababu nyingine ni vita.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa kuomba igizo libadilike. Mmoja akasema vijana wa siku hizi wanakwenda vyuoni kubadilisha Biblia. Nikamwambia, "Elifuraha habadilishi. Anaturudisha." Mchungaji akaingia ofisini, akatoka na kitabu chake cha Kigiriki, akakipuliza vumbi, akapekua. Kisha akatabasamu. "Mama, huyo mtoto amesoma."

Wakakubali wote, isipokuwa Mzee Godlove. Alisimama akiwa na uchungu wa kweli. "Nimewafukuza Mariamu na Yusufu tangu nina meno yote. Sasa mnataka nifanye nini?" Nikampa kuwa mwenye nyumba: afungue mlango, aseme, "Chumba cha wageni kimejaa, piteni huku ndani." Akajaribu kwa ile ile sauti yake. Joyness wa kwaya ya vijana, ambaye ndiye Mariamu wetu, akaruka nyuma! Bado tunamfundisha upole. Na akina mama wameongezwa, maana Rachel mkunga amesema haiwezekani mwanamke ajifungue katikati ya ukoo akose wa kumpikia mtori. Tutaupika kweli, jukwaani, watu wausikie harufu.

Sasa baba yako. Nilimsomea jibu la hori, akaondoka. Kesho yake asubuhi nikamkuta amekaa uani kwangu.

"Dada," akasema, "mimi nilizaliwa upande gani wa nyumba?"

Elifuraha, hili hujawahi kusimuliwa. Nyumba ya bibi yako ilikuwa ile ya zamani ya majani, watu na ng'ombe ndani pamoja, moto katikati. Baba yako alizaliwa siku za msiba wa babu yetu, ndugu wamejaa mpaka huoni pa kukanyaga. Bibi yako uchungu ulipomshika, wanawake walitandika majani makavu ya migomba upande wa ng'ombe, nyuma ya kizuizi cha miti, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na sitara na joto. Nilikuwa binti mdogo, nimeshika kibatari. Baadaye shuleni wenzake wakalijua, wakamwita "Nikodemo wa zizini". Alipigana sana kwa ajili ya jina hilo. Alipokuwa mtu mzima hakuna aliyethubutu kuligusa.

Nikamwambia, "Ulizaliwa upande wa ng'ombe. Walikupa mahali pazuri kuliko pote mle ndani."

Akafuta macho, akalaumu moshi. Nilikuwa sijawasha moto.

Tangu siku hiyo hashikiki! Anajenga nyumba nzima katika uwanja wa kanisa kwa ajili ya igizo. Amebingirisha jiwe kutoka mtoni na analichonga hori, yeye ambaye hajawahi kugusa jiwe. Kila siku ana swali: mlango ulielekea wapi, ng'ombe walifungwa kwa kitu gani, moto uliwekwa wapi. Mengine namjibu kwa kukisia, Mungu anisamehe. Jana aliuliza moja huku ametazama pembeni, kwenye migomba.

"Anaisoma mwenyewe hiyo lugha, au anasimuliwa?"

Hilo sikulijibu. Nimekuachia ulijibu kwa mkono wako.

Shangazi yako,
Ndelilio


Dodoma,
25 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Leo sina maneno mengi, na wewe unanijua.

Sikujua kuhusu jina lile. Nimemwaza siku nzima akiwa mtoto, anapigana njiani kutoka shule.

Katika bahasha kuna karatasi ya pili, mpe Baba. Nimemwandikia aya ile yote kwa Kigiriki, na chini ya kila neno nimeweka Kiswahili chake. Hakuna aliyenisimulia. Sikuweka salamu, maana alinikataza kumsalimia, na sitaki kumvunjia neno lake. Nimeweka aya tu.

Chuo kinafungwa tarehe 18 Desemba. Wenzangu wakiniuliza naenda wapi nasema nabaki kusaidia maktaba. Niulizie, Shangazi. Au hapana, usiulize. Mpe tu karatasi.

Mwanao,
Elifuraha


Ujumbe wa simu, 8 Desemba 2024

Shangazi shikamoo. Najua hupendi kusoma kwenye simu. Bahasha ilifika? Hujanijibu, nami silali vizuri. Mwanao.


Machame,
11 Desemba 2024

Elifuraha,

Hujambo? Huku hatujambo, mvua imepungua.

Dada yangu alikataa kukujibu. Alisema karatasi ilikuwa ya kwangu, kwa hiyo jibu ni la kwangu, na kama sitaandika basi ukimya huo niubebe mimi. Usimlaumu. Mimi si mtu wa kuandika. Nimechana karatasi nyingi.

Aya uliyoniletea niliisoma kwenye benchi la kazi, neno la juu na neno la chini yake, mpaka randa ikapoa. Kisha niliipeleka kwa Mchungaji, nikamwomba atafute kosa. Akaitazama akasema hakuna. Nikamwambia nilijua.

Hori la kwanza lilipasuka nikiwa namalizia. La pili limekubali. Godlove sasa anafungua mlango kwa upole mpaka inabidi tumwombe apaze sauti. Jumapili tulifanya mazoezi, watu wakaja kuangalia hata kutoka Kibosho, Wakatoliki wazima, wakasimama mvuani. Wazee ambao nyumba zile walizikuta walikuwa wakioneshana kwa vidole: pale ng'ombe, pale moto, pale kitanda cha mama. Mmoja wao, tuliyesoma naye, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita lile jina, alikuja akashika hori kwa mikono miwili akasema, "Nikodemo, kumbe ulizaliwa pazuri." Nikamwambia, "Hata mimi nimeambiwa juzi." Tukacheka mpaka watu wakatushangaa.

Wananiuliza nani ameleta jambo hili. Nawaambia ni binti yangu anayesomea uchungaji. Mara ya kwanza lilitoka kwa shida. Sasa linatoka lenyewe.

Nililokuambia langoni nililisema mimi, na mimi ndiye ninayeliondoa.

Kaka yako Given anakuja na watoto wote kutoka Dar. Nimewapa chumba cha wageni. Chako kiko pale pale, nimekipiga rangi.

Sasa jambo la kazi. Juu ya mlango wa nyumba ya igizo nataka kuweka hilo neno kataluma kwa herufi zao. Nimelichonga kwenye ubao wa mvule nikifuata mwandiko wako. Herufi ya tano inanisumbua. Kwako mguu mmoja unaonekana mrefu kuliko mwingine, sijui ndivyo ilivyo au kalamu iliteleza. Ubao uko tayari, misumari iko tayari, na sijaupigilia.

Panda basi la alfajiri siku hiyo mnayofunga, ushuke Bomang'ombe. Nitakuwa stendi. Njoo uusome kwanza.

Baba yako,
Nikodemo