Asubuhi Anasoma Dada

Jumatatu, 3 Machi

Tumerudi nyumbani. Nyumbani kwa Dada, maana nimehamia hapa na cherehani yangu, kibanda changu nimekifunga kufuli. Wateja wakinihitaji watanifuata.

Kiharusi hakikumpinda mdomo wala mkono. Wanaokuja kumpa pole wanashangaa – mbona mzima? Anaongea vilevile, anagomba vilevile. Ila hasomi. Daktari alitueleza kama anayeongea na watoto: macho yanaona, ulimi unasema, mkono unaandika, lakini ile njia ya kichwani inayogeuza maandishi kuwa maneno imekatika. Huenda ikarudi. Huenda isirudi.

Leo mezani ameandika jina lake, kwa mwandiko wake uleule wa kujidai. Akaliangalia. Akaniuliza: "Nimeandika nini hapa?"

Nilijifanya nabanwa na haja, nikaenda kulia chooni. Huyu mtu amefundisha chuo kikuu maisha yake yote. Nyumba nzima vitabu, hadi juu ya friji. Mimi niliishia darasa la saba, nikawa fundi. Vitabu vya Dada kazi yangu ilikuwa kuvifuta vumbi nikija kumtembelea. Nimeanza kuandika humu kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Taratibu amekuja. Ndiye mtaalamu wa hospitali anayefundisha wagonjwa kusoma upya. Jina nimempa mimi, maana kila anachosema kinaishia na "taratibu". Kafungua mkoba, katoa kitabu cha watoto. Kuna kuku anataka kuota ndevu. Picha kubwa, maneno matatu matatu.

Dada akakitazama kama aliyewekewa sahani chafu. Akasema yeye amesimamia wanafunzi wa uzamivu. Bi Taratibu akajibu kwamba anajua, mmoja wao ni shemeji yake, ila tuanze na kuku.

Mpango ni huo. Kila siku kidogo, kwa sauti, kutoka vyepesi kwenda vigumu. Mwenyewe hatutamwona kwa miezi, yuko mwezi wa tisa, anakwenda kujifungua. Kazi katuachia sisi.

Alipoondoka Dada akaniambia, "Haya Sindano, umepata mwanafunzi." Sindano ndiyo mimi, ananiita hivyo tangu nilipojifunza kushona.

Jumanne, 11 Machi

Hasomi. Nakaa naye, kidole changu chini ya neno, jasho linamtoka. "Ku..." Halafu kitabu kinaruka. Jana kilitua kwenye beseni la nguo nilizoloweka, nimekianika kwenye kamba na soksi.

Leo kaja na wazo lake. Alasiri mimi nimsomee yeye. Kesho yake asubuhi, wakati nashona, yeye anisomee mimi palepale nilipopita. Eti maneno yakishapita masikioni, macho yanayatambua kwa urahisi. Halafu hakujizuia, akatia na uchokozi: na mimi nipate kuelimika, aibu gani kufuta vumbi vitabu miaka yote hiyo bila kujua vinasema nini.

Nikamsomea. Kuku anakwenda kwa mbuzi kuomba ndevu, mbuzi anataka mayai kwanza, biashara inaharibika. Tulicheka wote wawili. Mara ya kwanza tangu hospitali.

Jumapili, 23 Machi

Anasoma!

Sijui nianzie wapi. Vya watoto tumevimaliza, hadithi za wanyama tumezimaliza, sasa tuko kwenye riwaya ya upelelezi. Nashona, yeye yuko kwenye kiti chake dirishani. Anasoma polepole, anakwama, anarudi nyuma, anaendelea. Kuna mfanyabiashara kakutwa maiti kwenye ghala lililofungwa kwa ndani. Nimeunguza kola ya shati la mteja kwa ajili ya maiti ya kitabuni.

Nilimpigia simu Kaka yetu. Kaka hakuweza kukaa nalo, akampigia Mkuu wa Idara ya Dada kule chuoni. Mkuu wa Idara kapiga simu hapa: walikuwa wamepanga kumstaafisha kwa ugonjwa, sasa wamesitisha, watakuja kwanza kumwona. Akiwa anasoma, muhula ujao anarudi darasani. Dada alipokata simu akaniuliza kwa ukali nani kanituma kutangaza. Nikajua anaona haya kusifiwa.

Na mimi, niseme tu humu, nina furaha ambayo si ya Dada. Nangoja alasiri kama mtoto anayengoja baba arudi kazini. Wateja wakichelewa nashukuru, nachomoa kitabu chochote. Nimekuta kimoja kinachoeleza habari za chumvi tu, mwanzo mpaka mwisho, jinsi watu walivyosafiri nayo na kuuana kwa ajili yake. Chumvi! Mashairi yalinishinda, nikamsomea Dada mwanzo tu, akayasema kwa kichwa, macho kayafumba, ndipo yakaniingia. Nimekaa na mtu huyu tangu kuzaliwa bila kujua ndani ya nyumba yake kuna nini.

Halafu najiona mwizi. Asingeugua, nisingeyajua haya. Kila ninachokifungua, mlango kanifungulia ugonjwa wake.

Ijumaa, 4 Aprili

Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Jana alasiri nilimsomea sehemu ambapo mke wa marehemu anakiri kwa mpelelezi kwamba funguo zilikuwa mbili. Kitabu ni kikuukuu, karatasi mbili zililegea, zikachanika kidogo. Baadaye nikazipaka gundi. Nikafunga, nikaweka pasi juu yake.

Leo asubuhi Dada kakichukua, kafungua, kasoma. Mke akakiri. Funguo zikawa mbili. Mpelelezi akavaa kofia akatoka. Nikasifia kama kawaida, Dada akaenda kuoga. Mimi nikataka kutazama tu gundi yangu imeshikaje.

Imeshika mno. Karatasi zote mbili zimegandana uso kwa uso. Zile kurasa za mke kukiri ziko ndani, hazifunguki. Hakuna mtu angeweza kuzisoma leo.

Nilikaa sakafuni na kile kitabu mapajani. Nikasikia maji yanamwagika bafuni na Dada anaimba. Hajawahi kusoma. Hata siku moja. Ananisikiliza alasiri, anayashika yote kichwani, kile kichwa chake, asubuhi ananirudishia. Na kukwama kwake anakutengeneza. Hata kurudi nyuma kwake.

Jumamosi, 5 Aprili

Sikumwambia kitu. Nikachomoa kitabu ambacho hatujakigusa, nikamwambia leo tubadilishe, yeye aanze. Akasema kichwa kinamuuma. Nikasema mstari mmoja tu. Akasema jua linampiga machoni. Nikavuta pazia. Akanitazama, akajua nimejua.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu jana. Wewe je?"

"Tangu kuku."

Nilikasirika, nilikasirika sana. Nikamwambia amenifanya zuzu, na Kaka, na chuo kizima. Hakujitetea. Alisema herufi anaziona zote, zimesimama pale safi kabisa, ila zimekuwa kama watu wasiomjua. Siku ile ya kwanza aliponisomea habari za kuku alitaka tu kunifurahisha, maana nilikuwa nakonda mbele yake. Nikafurahi kupita kiasi. Akakosa pa kushukia.

Basi hasira ikaniishia yote. Nikamshika kichwa, kile kichwa, nikakiweka begani. Alilia kwa sauti kubwa kama msibani. Na ni msiba, nadhani, ila hakuna wa kuja kutandika jamvi.

Jumatano, 9 Aprili

Wageni wa chuo wanakuja wiki ijayo, Jumatano. Dada kaamka na uso mkavu. Kaenda moja kwa moja kwenye kabati la juu, akapapasa, akaniletea kitabu kwa kukitambua uzito wake. Ni chake. Alichokiandika mwenyewe. Kinene, kina maelezo ya chini kila ukurasa, kinahusu nyimbo za kubembelezea watoto. Nimekifuta vumbi mara nyingi kuliko vyote na sikuwahi kukifungua, nilijua si cha watu kama sisi.

Anataka sura ya kwanza. Nimsomee mpaka iingie yote. Wageni wakija atawasomea hiyo.

Nikamwambia huo ni uongo, Dada.

"Maneno yangu mwenyewe, Sindano? Nikiyasema nimemdanganya nani?"

"Na karatasi za mitihani utazisahihishaje?"

Akajibu haraka, kumbe alishalipanga: "Utanisomea."

Hakuuliza kama nataka. Wala mimi sikumuuliza cherehani itakwenda wapi. Nikafungua sura ya kwanza.

Kurasa chache mbele nikakuta wimbo. *Lala mwanangu lala, nguo za watu hazijafuliwa.* Nikakishusha kitabu. Huo ni wa Mama. Maneno ya Mama, na ile sauti nikaisikia. Chini yake, kwa herufi ndogo: msimulizi ni mama mzazi wa mwandishi, mtoto aliyekuwa akiimbiwa, mdogo wake wa mwisho, hakuwahi kulala kwa wimbo huu.

Kumbe nimo. Nimo kwenye kitabu cha chuo kikuu, miaka yote, na nilikuwa nakipitishia tambara. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Kasema alikuwa akingoja siku nitakayokifungua mwenyewe.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumapili, 13 Aprili

Sura imeingia. Anageuza kurasa mahali panapostahili, mimi nimekaa kando nimetulia, nikikohoa maana yake ageuze. Tumefanya mara nyingi sana mpaka na mimi nimeishika. Napiga pasi naisema.

Kaka kapiga simu, anasema anamshukuru Mungu, anasema mimi ndiye niliyemponya. Nikasema asante, Kaka.

Dada amependeza siku hizi. Anasimama wima. Leo kamwambia jirani atafundisha mpaka azeeke. Nami nilikuwa pale, nikaitikia.

Jumatano, 16 Aprili

Wako sebuleni sasa hivi. Naandika chumbani kwa Dada, nimesimama, daftari juu ya kabati.

Wamekuja wawili. Mkuu wa Idara na mama mmoja wa ofisi ya utumishi. Sikuwategemea hivi. Nilidhani watakuja na uso wa mahakama, kumbe Mkuu wa Idara alikuwa mwanafunzi wa Dada zamani, kaingia kainama, kamshika mikono yote miwili, macho yamemjaa machozi. Mama wa utumishi kasifia mapazia, nikasema nimeshona mimi.

Dada kasoma sura ya kwanza. Kasoma vizuri mno. Nimekohoa mahali pote. Kwenye wimbo wa Mama sauti yake ilitetemeka, hiyo hakuiigiza. Mama wa utumishi kafunga faili lake kabla hata hatujafika mwisho, kasema kwa upande wake yameisha, Profesa arudi kazini. Nikainuka nilete chai.

Niliporudi na sinia Mkuu wa Idara alikuwa ameshafungua mkoba. Katoa kitabu kipya, kinanuka wino. Kasema ni kazi ya yule binti, mwanafunzi wa mwisho Dada kumsimamia kabla hajaugua. Amefaulu. Kimechapwa wiki iliyopita, nakala ya kwanza kaombwa ailete hapa. Ukurasa wa mbele kabisa binti kamwandikia Dada maneno. Mkuu wa Idara kasema yeye ameyasoma na hatayasema, si haki. Akaufungua ukurasa, akamwekea mapajani.

"Soma mwenyewe, Mwalimu. Tusomee na sisi."

Hakuna mtego. Nimemtazama vizuri, hakuna. Anampa zawadi.

Dada aliutazama ule ukurasa. Mistari haizidi mitano. Alipitisha kidole juu yake, akatabasamu, kama mtu anayeujua. Wakangoja. Halafu akaniita bila kuinua kichwa: "Sindano. Niletee miwani."

Nikaweka sinia, nikaja mbio. Nimefungua droo. Nimeinua mto. Ndipo nikakumbuka kwamba miwani anayo, nimemvalisha mimi asubuhi, iko shingoni na kamba yake, chini ya shali.

Hakuitaka miwani. Na sijui alichotaka. Kama alitaka niwacheleweshe, nitachelewesha mpaka lini? Kama alitaka nirudi niseme miwani haionekani, basi ukurasa niusome mimi, nitausoma, sauti itatoka. Lakini yule mama atauliza mbona ile sura aliisoma bila miwani. Na kama alinitoa ili aseme ukweli bila mimi kuwapo, ningeshasikia kimya. Sisikii kimya. Nasikia anawachekesha, anawaambia mdogo wake huyu hajawahi kukiona kitu hata kikiwa mbele ya pua. Wanacheka. Mkuu wa Idara anasema, hapana haraka, Mwalimu.

Mikono yangu mitupu. Ananiita tena.