Baba wa Riziki ni Mimi

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na goti lako nalisalimu peke yake, maana najua wengine hulisahau. Bado linatabiri mvua? Mimi ni mzima. Njia ya ziwa kuja huko Kalemie imefungwa na vita, kwa hiyo barua hii naipa mama mchuuzi anayevuka mpaka wa Burundi hapa Kavimvira, Uvira. Akifika Bujumbura ataitafutia njia.

Baba, unajua mtoto wako alivyo na maswali. Hili ndilo linalonisumbua: mwanamke akipigwa na mumewe, abishe hodi wapi?

Nauliza kwa ajili ya Riziki, jirani yangu. Mumewe hubadilisha pesa mpakani, na faranga ikishuka, mgongo wa Riziki ndio hulipa. Mwezi uliopita alikuja kwangu jicho limevimba, akasema harudi tena. Nikafunika charahani, tukatoka.

Polisi alitusikiliza huku akila karanga. "Mama, iyo ni mambo ya nyumba. Siye tuko na vita." Tukaenda tribinali. Hakimu alishakimbia, kitini pake amekaa kijana wa waasi wanaotawala mji sasa. Akatuambia sheria inasema mume ndiye kichwa cha nyumba. Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Sheria ya nani, shefu?"

"Ya Kinshasa."

"Lakini ninyi Kinshasa hamuitambui."

Akafikiri kidogo. "Iyo moja tunaitambua."

Nacheka mpaka leo, na nikicheka naumia. Bendera wamebadilisha, mihuri wamebadilisha, kifungu hicho wamekiacha palepale.

Tukabaki na nyumba ya wamama wanaosaidia walioteswa. Dada aliyetupokea alikuwa na huruma ya kweli. "Ni basoda njo balikupiga, bale ba bunduki?"

"Hapana, ni bwana yangu."

Akainamisha kichwa. Wafadhili wao, alisema, wanataka wapokewe tu walioumizwa na wenye bunduki. Njiani Riziki akaniambia, "Sasa nimuombe bwana avae kwanza iniforme?"

Kumbe zamani pa kubisha palikuwepo. Kwao Bijombo, kule milimani, mke akipigwa hurudi kwa baba yake. Mume humfuata na wazee na kasiksi, ile pombe ya ndizi, ajieleze mbele ya watu. Baba akiifungua, amekubali binti arudi; ikimwagwa, amekataa. Lakini barabara ya Bijombo ina vita, na mume yule alilijua hilo. Riziki akanigeukia. "Basi weye njo utakuwa baba yangu."

Mimi! Mwanamke, mshonaji, mtu wa kuja! Lakini wamama wa mtaa walikubali, wakampelekea mumewe habari. Jumapili baada ya misa akafika na wajomba zake wawili na dumu la kasiksi. Nilikaa kitini. Ndipo nikakumbuka siku mume wa dada Faida alipokuja kwetu kumrudisha: wazee walitaka uanze na mume, wewe ukamuuliza Faida kwanza. Nami nikamgeukia Riziki. "Binti yangu, unataka nini?"

Mjomba mmoja akaruka. "Mwanamuke njo anaulizwa?"

"Minye siyajua bado," Riziki akajibu polepole. "Baache pombe hapa."

Dumu likakaa chini ya meza yangu. Kila asubuhi mume akienda mpakani alipita dirishani. "Baba, tayari?" Nami nikamjibu, "Bado."

Jana kasiksi ilichacha kupita kiasi, kifuniko kikaruka, paa! Tukajitupa chini tukidhani ni risasi. Kisha Riziki akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, Baba. Akabeba dumu mpaka barabarani, ambako mumewe alikuwa akipita kwenda mpakani na mjomba wake na wenzake, akalimwaga lote wakitazama. Mume alisogea, mjomba wake akamshika mkono. "Acha. Pombe ya baba imemwangika, maneno imeisha."

Naogopa, sikufichi. Mtu yule ana marafiki wenye bunduki, na huku hakuna wa kumzuia ila mjomba na aibu. Lakini leo Riziki yuko hapa pembeni, anashona vifungo, ananiuliza nakuandikia nini.

Nisalimie Mama, na shangazi muuza dagaa za ndakala, na katekista wetu. Faida mwambie kwamba swali aliloulizwa siku ile limefika mpaka Uvira.

Ni mimi binti yako, na kwa sasa baba wa mtu,
Zawadi