Bado Wanakushusha Alama

Mutisya ndugu yangu,

Tulikuzika kwetu Mwala, kisha nikarudi na mama hapa mjini, Komarock. Viatu vyako bado viko mlangoni, hataki viguswe. Lakini nakuandikia kwa ajili ya wale wenzako wa kwenye kompyuta, wale wa ukumbi wenu wa mtandaoni. Wengi wako ng'ambo. Nani angewaambia kwamba malaria imekuchukua?

Nilienda saiba, pale pa kulipia intaneti, niwaambie mimi. Sikuwa na jina huko, kwa hiyo mwenye saiba akanifungulia kwa jina lako, lililokuwa bado limehifadhiwa kwenye kompyuta yake. Nikaandika kwamba Mutisya amefariki na tumeshamzika, nikatuma. Sikufikiri. Marehemu akawa ametangaza kifo chake mwenyewe.

Hawakuamini. Walikushusha alama, kila mmoja akibonyeza kwamba hakulipenda, mpaka tangazo likafichwa. Na siwalaumu sana, maana wewe nawe ulizidi utani. Siku ile uliposema nyama ya mbuzi ya Kiamaiko haihitaji kitu ila chumvi, walikushusha, ukawaaga kwamba mtaonana mbinguni. Kesho yake ukarudi na utani mwingine. Ukaniambia, "Wacha wanishushe, sistee. Watanipandisha tu." Nilikucheka. Mtu mzima, ana kazi yake, anakosa usingizi kwa sababu ya alama za watu asiowajua.

Sasa asiyelala ni mimi. Kila nikirudi saiba nakuta jina lako limeshuka zaidi. Naogopa kulitazama, na siwezi kukaa bila kulitazama. Jana mmoja wao alikuandikia, "Mutisya, wacha kununa bana. Rudi." Wenzake wakampandisha alama, wengi kweli.

Nikaandika, kwa jina lako, "Nimerudi." Kidole kikabaki juu ya kitufe. Nilitaka kutuma, Mungu anisamehe, nilitaka sana. Huko ungekuwa unaishi. Ungekuwa unabishana nao kuhusu mbuzi, nami ningekuja kukusoma kila Jumamosi. Nililia pale pale, watu wakinitazama.

Nimefuta. Nimefungua jina langu, Mwende, halina alama hata moja, na najua huko mtu wa namna hiyo haaminiki. Leo nitawaambia tena, kama dada yako. Wakinishusha nitaandika kesho, na kesho kutwa, mpaka wakulilie inavyostahili. Jina lako sitalifungua tena, nakuahidi.

Lala, ndugu yangu. Na wakikuita, usiitike.

Mwende