Ini Langu Kupimwa Mara Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Magunia ya kahawa toka asubuhi. Ghala hapa Muleba limejaa mpaka mlangoni. Mgongo unauma.
Nesi Adventina kapiga simu. Kesho niwe hospitali Bukoba saa mbili. Nisile kitu mpaka vipimo viwili viishe. Karudia mara tatu. Nikamwambia, sista, nimesikia, njaa naijua.
Nina virusi vya homa ya ini. Walivikuta mwaka jana, baada ya kumzika mke wangu Editha. Yeye alikuwa navyo. Tumbo lilivimba tukasema minyoo, tukampa dawa za miti. Kufika hospitali, ini limeshakuwa gumu. Hakumaliza mwezi.
Langu sijui likoje. Naogopa.

Jumanne, 4 Juni
Daktari kanieleza vizuri. Zamani kujua ini limeharibika kiasi gani, walikuchoma sindano ndefu ubavuni wakanyofoa kipande. Sasa ipo mashine ya MRI, inapiga picha tu. Lakini wanataka kujua kama inasema kweli. Kwa hiyo mtu mmoja anapimwa asubuhi, anapimwa tena mchana. Majibu yakifanana, wataiamini.
Nikasema ni kama mizani ya kahawa. Gunia lile lile likitoa kilo tofauti, mizani ni mwizi.
Akasema, "Wewe umemaliza somo."
"Darasa la nne niliishia, dokta."
Chuma chochote hakiruhusiwi. Nilivua mkanda, suruali ikadondoka mbele ya Adventina. Aibu. Nikapewa gauni linalofungwa mgongoni. Wakanifunga kisahani ubavuni, wakanisukuma kwenye tundu. Makelele kama watu wanagonga mabati. Kisahani kinatetemeka. Toa pumzi, zuia. Toa pumzi, zuia. Nikasali Salamu Maria mpaka nikapoteza hesabu.
Kipimo cha pili saa tisa. Nikakaa benchi kusubiri, na mama mmoja toka kule Kimwani, macho ya njano. Yeye zamu yake wiki ijayo.
Saa saba akatokea mama mkwe. Ma Paskazia, toka Buganguzi kule. Tangu mazishi hajanisemesha. Siku ile alisema mbele ya watu kwamba mimi nimemwambukiza mwanae. Labda kweli. Sijui.
Kabeba ndizi na maharage, kafunga kwa majani ya mgomba. Bado vuguvugu.
"Nimesikia wanakushindisha njaa."
"Mama, kuna kipimo..."
"Kipimo gani kinamkataza mtu kula? Au unadhani nimekutilia kitu?"
Kwetu chakula cha mama mkwe hukikatai. Ukikataa, umemwambia undugu umekwisha. Au umemwita mchawi. Na huyu alikuwa hajanipa hata maji mwaka mzima.
Nimekula chote. Alisimama hapo hapo mpaka mwisho. Kaninawisha mikono, kaondoka. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.
Saa tisa Adventina kauliza, umekula? Nikasema hapana. Uongo mtupu.

Jumatano, 5 Juni
Magunia. Sina raha.

Ijumaa, 7 Juni
Adventina kapiga. Vipimo vyangu havifanani. Cha mchana kinaonyesha ini gumu kuliko cha asubuhi. Wanasema ini haliharibiki kwa masaa machache, kwa hiyo mashine ina tatizo. Wameita fundi. Waliokuwa wapimwe wiki ijayo wote wameambiwa wasubiri.
Wote. Na yule mama wa Kimwani.
Nikasema sawa sista, nikakata simu. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 9 Juni
Misa. Sikwenda kukomunika.
Nikisema, watanitoa kwenye vipimo. Sitajua ini langu likoje, nitasubiri tumbo livimbe kama la Editha. Nikinyamaza, mashine nzima itaitwa mwongo sababu ya ndizi zangu. Na watu watarudi kwenye sindano ile, au hawatapimwa kabisa.
Chakula hakipiti. Sasa ndiyo nafunga. Mjinga.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda Bukoba bila kuitwa. Ghalani nimesema naumwa. Nayo ni kweli.
Nikamwambia daktari yote. Ndizi, maharage, mama mkwe, uongo.
Aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Mzee, fundi kashinda humu siku mbili anatafuta ubovu. Kumbe ubovu ni maharage?"
"Na ndizi, dokta."
Adventina kacheka mpaka kakaa chini. Daktari hakucheka. Alikasirika, na haki yake. Kasema bora ningemwambia siku ile ile, wangenipangia siku nyingine tu. Watu wamekaa nyumbani na hofu sababu yangu. Nilitazama sakafu.
Halafu akapoa, akanieleza. Ukila, damu nyingi inakwenda kwenye ini. Linajaa, linakaza kwa muda. Mashine haikudanganya. Mimi ndiye nilidanganya.
Vipimo vya siku ile amevifuta. Nilisubiri aseme nenda. Akasema rudi wiki ijayo na tumbo tupu.
Nikamshika mkono kwa mikono miwili.
Mlangoni akaniita. "Na huyo mama mkwe, mlete. Nitaongea naye mwenyewe."

Jumanne, 18 Juni
Amekuja. Sikutegemea. Kavaa kitenge cha kanisani.
Daktari kaongea naye Kihaya, taratibu, kwa heshima. Ma Paskazia akauliza, kwa hiyo chakula changu kilimdhuru? Akajibiwa, hapana bibi, kilivuruga hesabu zangu tu.
Basi akasema na yeye hatakula. Akakaa benchi na rozari kunilinda. Mtu mmoja alininyooshea andazi, mwema wa watu. Ma Paskazia akasimama. "Toa andazi lako! Huyu ana kipimo!" Benchi zima likacheka. Mwenye andazi akalila kajificha nyuma ya mlango.
Saa tisa nikaingia tena. Makelele yale yale. Sikujali.
Nilipotoka nilimkuta anamuuliza daktari, nani alimwambukiza mwenzake. Daktari akasema hakuna anayeweza kujua. Wengine wanakaa navyo miaka mingi hawajui. Wengine wanazaliwa navyo, toka kwa mama.
Ma Paskazia kakunja rozari yake. Tumetembea mpaka stendi. Kabla ya kupanda gari akasema, "Mkwe wangu, nilikusema vibaya mbele za watu."
Nikasema yameisha, mama.
Hayakuisha. Ila yamepungua sana.

Jumanne, 25 Juni
Majibu.
Vipimo viwili vimefanana. Daktari kanionyesha picha, ini langu lina rangi kama ramani. Sehemu kubwa laini. Limeanza kukaza, lakini bado mapema. Kidonge kimoja kila siku, nisiruke hata siku moja. Pombe basi. Hata lubisi, pombe yetu ya ndizi. Hapo nilihema kidogo.
Sifi sasa. Niandike tena. Sifi sasa.
Namshukuru Mungu. Namshukuru Adventina kwa simu zake. Namshukuru daktari aliyekasirika na hakunifukuza. Editha hakupata hata mmoja wa hawa. Hilo linaniuma, na leo nashukuru hivyo hivyo.
Mama wa Kimwani nimemkuta anatoka kupimwa. Kaniuliza kama fundi alijua mashine ilikuwa na nini. Nikamwambia ilikuwa mimi. Kanitazama. Akasema, "Kwa hiyo nimengoja wiki nzima kwa tumbo lako?" Nikasema ndiyo, nisamehe. Akasema Mungu akusamehe, mimi bado nafikiria. Kisha akacheka.

Alhamisi, 4 Julai
Nimeomba ruhusa ghalani, nimekwenda Buganguzi. Kibanja cha Ma Paskazia kimejaa majani makavu, hana wa kumsaidia. Nimekata mpaka jioni. Kidonge nilikinywa hapo hapo shambani. Aliniletea maji mwenyewe.
Alikaa kwenye kigoda anaanika kahawa, anatazama migomba.
Jumatatu anakwenda kupimwa damu. Ameomba mwenyewe. Kaniuliza, wakivikuta kwangu, ina maana nilimpa mwanangu?
Nilisema sijui, mama. Nilisema vidonge vipo.
Akaniuliza kama nitakwenda naye. Nikasema nitakuwa stendi saa kumi na mbili asubuhi.